Mguso wa Pili

Ukitaka kumkasirisha Nyaboke Ombati, mwambie kwamba mpira wa magongo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Yeye kazi alikuwa nayo, tena ya kusimama kutwa kwenye ukumbi wa jumba moja la ghorofa kule The Pearl, mtaa wa matajiri wa Doha, amevaa koti na tai, akiwafungulia mlango watu wasiomtazama usoni. Na bado kila Ijumaa ya msimu ule alibadilishana zamu na Scovia, Mganda aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, ili apande metro hadi Lusail akasimame tena, safari hii kwenye majukwaa ya uwanja, apige kelele mpaka koo likauke.

Sababu ilikuwa Bradley, kitinda mimba wa mama yao. Ligi mpya ya magongo ya nchi za Ghuba ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kuchagua vijana kutoka kila pembe ya dunia, timu moja baada ya nyingine ikitaja jina la kijana inayemtaka. Wenyewe waliuita drafti, ingawa haukuhusu ubao wala vizibo vya soda. Na jina la kwanza kabisa kutajwa, kabla ya Waholanzi, kabla ya Wahindi na Waajentina, lilikuwa la Bradley Ombati wa Kisii, miaka kumi na tisa, ambaye hadi siku hiyo ndege alikuwa akiziona zikipita juu tu. Timu iliyomtaja ilikuwa Al Mawj ya hapa hapa Doha.

Wakenya wa Doha walipagawa. Cyrus Njenga, dereva wa basi la hoteli na mtu ambaye hajawahi kukutana na kipaza sauti akakipita, alifungua kundi la WhatsApp kabla jua halijatua. Walinzi wakaingia, wauguzi wakaingia, yaya na wapishi na wahudumu wakaingia. Wengi wao hawakujua kama mchezo wenyewe unachezwa na watu kumi na mmoja au ishirini, na wala hilo halikuwasumbua. Walichojua ni kwamba katika mji huu wao ndio wanaofungua milango na kubeba mizigo ya wengine, na sasa kuna mtoto wao anayefunguliwa mlango wa basi na kubebewa begi. Asiyewahi kuishi hivyo hawezi kuelewa jinsi jambo kama hilo linavyompanda mtu kichwani. Nyaboke lilimpanda kuliko wote.

Lakini drafti ilikuwa na masharti yake. Kila timu ilichukua vijana watatu, na baada ya mwezi mmoja ilipaswa kumrudisha mmoja kwao. Al Mawj walikuwa na Bradley, kijana wa Malesia na kijana wa Misri. Kwenye kundi la Cyrus hakuna aliyegusia habari za kurudishwa hata kwa utani. Namba moja arudishwe vipi? Ni Nyaboke peke yake aliyekuwa akiliwaza jambo hilo pale mlangoni, huku akisema karibu bwana, karibu mama. Alijua kinachomngoja Bradley akirudi. Kabla ya drafti kijana alikuwa tayari ameanza kuulizia ajenti wa kazi za ulinzi, na Nyaboke hakutaka kumwona mdogo wake amevaa koti kama lake. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu: Bradley abaki.

Ajabu ni kwamba magongo Bradley aliyapata kwake. Nyaboke alicheza shuleni, beki mkali, na kila likizo alimchukua mdogo wake hadi kiwanja cha murram nyuma ya kituo cha majani chai. Kiwanja kile kilikuwa na mawe na mabonde, na mpira uliruka kama chura. Ukithubutu kuupiga papo hapo unapofika, utapiga hewa, au wenyewe utakupiga muundi. Kwa hiyo alimfundisha kitu kimoja tu, mchana kutwa, akisimama pembeni na kupiga kelele: "Ua! Ua kwanza!" Maana yake, mguso wa kwanza uuzime mpira, utulie kabisa mbele ya gongo lako, halafu mguso wa pili uupeleke unakotaka. Bradley alijifunza kuua mpira kwa namna ambayo hakuna mtu wa Kisii nzima aliyeweza kumnyang'anya.

Ijumaa ya kwanza kule Lusail, mara tu mpira ulipomwelekea Bradley, Nyaboke alipiga kelele ile ile bila hata kufikiri: "Ua!" Cyrus, aliyekuwa kando yake na ngoma, akamuuliza hilo ni neno gani. Nyaboke akamweleza, tena kwa majivuno, akisimulia habari za murram na chura. Kufikia robo ya pili jukwaa zima la Wakenya lilikuwa likiimba, ngoma ikijibu: "Ua! Ua!" Hata Wapakistani wa jukwaa la jirani, watu waliozaliwa na mchezo huu, walicheka na kupiga makofi. Nyaboke alijisikia kama mwenye harusi.

Uwanjani mambo hayakuwa hivyo. Pale chini ni zulia la plastiki, na kabla ya mechi hulimwagilia maji, jangwani, plastiki, jamani, ili mpira uteleze. Nao uliteleza kweli. Haukuruka hata mara moja. Bradley alikuwa kiungo, kila kitu kilipitia kwake, na kila mpira ulipofika aliuua vizuri sana, kama alivyofundishwa, na alipoinua kichwa ili aupeleke, mtu wa timu nyingine alikuwa tayari ameshaondoka nao. Alinyang'anywa hivyo tena na tena mpaka kocha akamtoa.

"Joto," Cyrus alisema.

"Na viatu vipya," Nyaboke akaongeza.

Jumamosi alasiri alimpelekea chakula. Walikaa kwenye benchi kando ya maji, karibu na hoteli ya timu, bakuli la ugali na sukuma likiwa katikati yao. Bradley alikuwa amekonda, au labda ni jezi kubwa za timu zilizomfanya aonekane hivyo. Simu yake ililia mfululizo. Kwao Kisii kila mtu sasa alikuwa na namba yake, pamoja na mchungaji aliyetangaza kwamba Jumapili ingekuwa ya shukrani.

"Kochi anasemaje?" Nyaboke aliuliza.

"Anasema mguso mmoja. Mpira ukifika uondoke hapo hapo. Ati nisiusimamishe."

"Bila kuua?"

"Bila kuua."

Nyaboke alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Mwambie aje nyuma ya kituo cha chai ajaribu huo mguso mmoja wake. Atarudi bila meno."

Bradley alicheka pia, kidogo. "Lakini dada, hapa mpira hauruki."

"Utazoea. Wewe ndiye namba moja, si yeye. Kula."

Akala. Nyaboke aliona kwamba kijana alikuwa na neno jingine mdomoni, lakini badala ya kumsubiri alimwongeza sukuma.

Ijumaa ya pili Bradley hakuingia kabisa. Alikaa benchi mechi nzima, amejifunika taulo kichwani, huku Mmalesia na Mmisri wakicheza. Jukwaa la Wakenya lilipiga ngoma, likaimba jina lake, likazomea, na mwisho likanyamaza kwa uchungu. Baadhi yao walikuwa wametoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi uwanjani, na sasa walikuwa wakirudi kulala bila kumwona hata akigusa mpira. Kwenye metro Cyrus hakuweza kukaa.

"Manze Nyaboke, huyu kochi ana shida na sisi," alisema. "Namba moja wa drafti unamkalisha benchi? Namba moja! Angekuwa mzungu angekaa? Hawa watu hawatujui. Wacha tuwaonyeshe Wakenya ni kina nani."

Kila mtu aliyewahi kuwaudhi Wakenya mtandaoni anajua maana ya maneno hayo. Mpango ulikuwa rahisi: kila mmoja aingie kwenye ukurasa wa Al Mawj, aweke bendera na kuandika "Mwacheni Bradley Acheze," na awaambie jamaa zake wa nyumbani wafanye vivyo hivyo. Kitu kimoja tu kilikosekana. Cyrus alitaka sauti ya familia.

Nyaboke hakusitasita. Hebu tuseme ukweli, alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa rahisi kuibeba kuliko woga. Aliketi kitandani kwake, Scovia akamshikia simu, akasema kwamba yeye ni dada yake Bradley, kwamba kijana ameacha nyumbani kuja kucheza si kukalia mbao, na kwamba kama ni rangi yake ndiyo inayomsumbua kocha, basi kocha aseme wazi. Scovia alishusha simu. "Hilo la rangi, nyabo, una hakika nalo?" Nyaboke alimwambia aitume tu.

Kufikia asubuhi ukurasa wa Al Mawj ulikuwa hauonekani kwa bendera. Timu ilitangaza habari za tiketi, chini yake bendera. Ikamtakia mfadhili wake heri ya siku ya kuzaliwa, na huko nako bendera tupu. Redio za nyumbani zilicheza sauti ya Nyaboke. Mama yao alipiga simu akilia kwa furaha, akisema hata mwalimu mkuu amekuja nyumbani kumpa mkono. Bradley peke yake ndiye aliyetuma ujumbe mfupi: "Dada, ni nani aliwaambia mfanye hivi?" Nyaboke aliuona akiwa kazini. Akajiambia atamjibu zamu ikiisha, na zamu ilipoisha akalala bila kumjibu.

Siku mbili baadaye alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa Kocha Haris mwenyewe, Mpakistani mwenye sauti ya chini, akimwomba afike uwanjani asubuhi kabla ya zamu yake, na asimwambie Bradley. Nyaboke alikwenda akiwa amejiandaa kwa vita. Ndani ya metro alikuwa ameshapanga maneno yote.

Kocha alimkuta mlangoni, mtu mfupi mwenye mvi na kofia iliyopauka. "Dada yangu," alianza, "umesema nina shida na rangi ya mdogo wako. Baba yangu aliendesha lori la mchanga katika mji huu mpaka mgongo ukamwisha. Sina la kuongeza hapo. Njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya kioo chenye kiza, juu ya uwanja. Chini, Bradley alikuwa peke yake kwenye zulia lililolowa, na mbele yake mashine ndogo iliyokuwa ikitema mipira. Mpira ulikuja, Bradley akauelekeza papo hapo, bila kuuzuia, ukaenda moja kwa moja kwenye kilango kidogo upande wa pili. Ukaja mwingine, naye akaupeleka kwingine kabla Nyaboke hajapepesa jicho. Mwili wote wa kijana ulikuwa mwepesi. Nyaboke alikuwa hajawahi kumwona akicheza hivyo, na furaha ilimshika ghafla hata akaweka mkono mdomoni.

"Hivi ndivyo anavyokuwa asubuhi," Kocha Haris alisema. "Nilimtoa kwenye mechi ili apate mwezi mzima wa haya, pasipo watu. Niliwaambia mudir, wakubwa wa timu, kwamba nimeshaamua: huyu nitambakiza, hata asipocheza dakika moja. Walikubali. Halafu zikaja bendera zenu. Mfadhili ameuliza ni kwa nini anatukanwa kwenye sikukuu yake. Sasa mudir wanasema Ijumaa Bradley aanze, watu wamwone, nao watamwamua kwa macho yao wenyewe. Hayuko tayari, dada. Alibakisha wiki mbili tu."

Nyaboke alisogea karibu na kioo, akamtazama mdogo wake akiupeleka mpira mwingine.

"Ni nani aliyemfundisha kuuzima mpira namna ile?" kocha aliuliza.

"Walimu wake," Nyaboke alisema. "Wa shule."

"Walimfundisha vizuri. Kwa kiwanja chao, hakuna njia nyingine. Lakini hapa kila mguso wa pili ni zawadi kwa adui." Alitazama chini uwanjani. "Na kuna neno watu wenu huliimba mpira ukimfikia. Nilimuuliza Bradley maana yake, hakutaka kuniambia."

Nyaboke alimweleza neno hilo ni nini. Kocha Haris alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Ijumaa lisiimbwe," alisema. "Hilo tu nakuomba. Akiwa peke yake anaweza. Akilisikia hilo neno, mikono yake inarudi nyumbani."

Nyaboke aliahidi, na alikuwa na nia ya kutimiza. Jioni aliketi kuandikia kundi la Cyrus. Aliandika ukweli wote mara moja: kwamba kocha alikuwa sahihi, kwamba "ua" ni kosa kwenye zulia, kwamba kosa lenyewe alilipanda yeye. Akausoma, akaona picha ya mama akishikwa mkono na mwalimu mkuu, akaona watu wote wale waliosikia sauti yake redioni. Akaufuta. Badala yake akaandika: "Ndugu zangu, Ijumaa tafadhali tusiimbe 'ua'. Kocha hapendi kelele hiyo." Basi hapo ndipo alipoharibu kabisa. Kocha hapendi? Kocha huyo huyo? Jibu la kwanza lilikuwa la Cyrus: "Kumbe inamuuma! Basi Ijumaa tunaleta ngoma mbili." Zikafuata mikono ya maombi na bendera, mpaka ujumbe wake ukapotelea juu huko.

Mkesha wa mechi Bradley alipiga simu. Alimuunganisha mama pia, kwa sababu mama alitaka kuomba, na mama alipoomba hakuacha mtu wala kitu nje: uwanja, magongo, marefa, mioyo ya wenye timu. Alipomaliza, Bradley aliita polepole. "Dada."

"Niko."

"Kesho nicheze vipi?"

Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Mguso mmoja, Bradi, msikilize kocha, nilikufundisha ya murram. Lakini mama alikuwa kwenye laini, akihema kwa furaha, na mama alikuwa amewaambia majirani wote kwamba ni Nyaboke aliyemtengeneza huyu mtoto.

"Cheza vile unavyojua," Nyaboke alisema.

"Amina," mama akajibu.

Ijumaa jukwaa lilifurika. Walikuja hata ambao hawajawahi kuja, na kweli Cyrus alileta ngoma mbili. Nyaboke alimshika mkono akamwambia, tafadhali, Cyrus, leo tunyamaze, na Cyrus akamkumbatia kwa nguvu akidhani ni hofu. "Tulia, sis. Leo ni yake. Tutambeba mpaka mwisho."

Robo ya kwanza Bradley alicheza kama asubuhi ile. Mpira ulimfikia na kuondoka, ukamfikia na kuondoka. Jukwaa lilinguruma "Ua! Ua!" naye akawa kama kiziwi. Bao la kwanza la Al Mawj lilitokana na pasi yake, pasi ya mguso mmoja iliyopita katikati ya watu watatu, na Nyaboke alilia waziwazi, kamasi na yote. Kule upande wa pili Kocha Haris alikuwa amekunja mikono, hakupiga makofi, lakini Nyaboke alimwona akitikisa kichwa kukubali.

Halafu robo ya pili Bradley alikosea pasi moja, ikaenda moja kwa moja kwa wapinzani wao, timu ya Muscat. Hakikuwa kitu kikubwa. Lakini mamia ya watu waliguna pamoja, na mguno ule ulimfikia. Pasi iliyofuata aliipiga kwa wasiwasi, ikatoka nje. Mtu akapaza sauti, "Tulia kijana!" Cyrus akageukia wenzake. "Anapoteza! Tumsaidie jamani!" Na ngoma zote mbili zikaanza.

Mpira ulikuwa umetoka chini yao kabisa, karibu na goli la Al Mawj. Mchezo ulisimama kidogo wakati mwenzake akijiandaa kuurudisha ndani. Bradley alisogea kuupokea, akainua uso akatazama jukwaani. Nyaboke alimwona anatazama. Akajua lazima afanye kitu sasa hivi, na alichokifanya ni kupanda juu ya kiti, kuupa uwanja mgongo, na kuinua mikono yote miwili mbele ya watu wake akiishusha kwa nguvu: nyamazeni, nyamazeni, nawaomba.

Sauti yake haikufika hata safu ya pili. Lakini mikono waliiona. Walimwona dada yake mwenyewe, mwenye neno lake, amesimama juu ya kiti akipandisha na kushusha mikono, na wakaelewa kwamba anawaongoza. Wakashangilia. Wakaanza kuimba kwa kufuata mikono yake, neno moja kila mikono ilipotua, "Ua! Ua! Ua!" na kadiri alivyoishusha kwa hasira ndivyo walivyozidi kupaza. Cyrus alikuwa akipiga ngoma huku akimtazama yeye, uso umejaa furaha.

Bao hakuliona uwanjani. Aliliona nyusoni mwao. Vinywa viliachwa wazi katikati ya neno, ngoma moja ikaendelea kidogo na kusimama, na nyuma ya mgongo wake, upande wa mashabiki wachache wa Muscat, tarumbeta zikalia. Alipogeuka, Bradley alikuwa amesimama pale pale alipoupokea mpira, gongo chini, katika mkao ule wa mtu aliyekwisha kuuzima vizuri kabisa.

Bao la pili la Muscat lilikuja baada ya mapumziko kwa namna ile ile, bila mtu kuimba. Mikono ilikuwa imesharudi nyumbani. Kocha alimtoa, akamwekea taulo begani, akamsemesha sikioni kwa muda mrefu, na Bradley aliitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Jioni hiyo bendera zilipungua kwenye ukurasa wa Al Mawj. Vidole vile vile vilivyoandika aachwe acheze sasa viliandika kwamba ametuaibisha, kwamba namba moja ilipatikana vipi, kwamba arudi akacheze bano na watoto wenzake. Cyrus hakuandika kitu. Alitoka kwenye kundi alilolifungua mwenyewe. Redio za nyumbani zilinyamaza, na mama alipopiga simu aliuliza tu kama Bradley amekula. Jumapili mudir walitoa uamuzi: Bradley arudi kwao. Kocha Haris, walivyosema watu wa timu, alibishana nao hadi akagonga meza, lakini wao walikuwa wameona kwa macho yao.

Nyaboke aliomba ruhusa kazini akaenda kumsindikiza. Walikaa kwenye lile benchi la kando ya maji wakisubiri gari la uwanja wa ndege. Jua lilikuwa bado kali. Nyaboke alianza kulia kabla hata ya kusema neno.

"Dada, usilie hapa. Watu wanaona."

"Waone. Bradi, siku ile niliposimama juu ya kiti..."

"Nilikuona."

"Nilikuwa nawanyamazisha."

Bradley aligeuka polepole. "Unawanyamazisha?"

"Kocha wenu aliniita. Alinionyesha ukifanya mazoezi. Nilijua ni yeye yuko sawa, na mimi ndiye niliyekufundisha vile. Nikaona aibu kusema. Nikaona aibu hata kwako, ulipopiga simu ukaniuliza. Nisamehe."

Bradley alikuwa akiuvuta uzi wa begi lake, akiuachia, akiuvuta tena. "Mpira ule nilikuwa nimeshaamua kuupitisha," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimemwona Mmalesia yuko peke yake kule pembeni. Kelele sikuzijali, nilikuwa nimezizoea. Halafu nikainua macho nikakuona wewe. Nikajiambia, kama dada amepanda mpaka juu ya kiti, basi kuna kitu ameona mimi sijakiona."

Gari lilifika, dereva akapiga honi kidogo. Bradley akasimama.

"Na kwa nini hukumfuata kocha tu?" Nyaboke aliuliza. "Alikuwa amekufundisha vizuri. Nilikuona. Kwa nini?"

"Kochi nimemjua mwezi mmoja," Bradley alisema. "Wewe ndiye uliyenishikisha gongo."

Alilisema bila hasira hata kidogo. Kisha akamkumbatia kwa mkono mmoja, akabeba begi lake, akaingia garini.